Kambi ya macho ikishaondoka, siku ya nne utampigia nani?

Bila shaka tangazo hili umelisikia. Gari lenye kipaza sauti linapita mtaani, au ujumbe unazunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: kambi ya macho itakuwa hospitali ya wilaya kuanzia Jumatatu, upasuaji wa mtoto wa jicho ni bure, mlete mzee wako. Kwa familia nyingi hakuna habari njema kuliko hiyo. Bibi aliyekuwa akishikwa mkono kwenda chooni anarudi nyumbani na kuhesabu kuku wake mwenyewe.

Mimi ni mmoja wa wanaoyafurahia matangazo hayo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 94 duniani hawaoni vizuri, au hawaoni kabisa, kwa sababu ya mtoto wa jicho, tatizo ambalo kwa wengi wao huondolewa kwa upasuaji usiofika hata nusu saa. Ndiyo maana mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliziwekea nchi wanachama lengo la kuongeza huduma hii kwa pointi 30 za asilimia ifikapo 2030. Miaka iliyobaki ni michache, na kambi zitaendelea kuja.

Lakini lisome lengo hilo vizuri. Kinachohesabiwa ni watu waliopasuliwa na sasa wanaona vizuri. Aliyepasuliwa akabaki haoni, hahesabiwi. Kati ya meza ya upasuaji na kuona vizuri kuna wiki kadhaa ambazo mgonjwa yuko nyumbani kwake, na huko ndiko ninakotaka twende leo.

Watu wanaoniuliza kuhusu kambi hizi huwa na maswali matatu: itauma, nitalipa kiasi gani, nitalala? Ni nadra sana kumpata anayeuliza: timu ikishaondoka, nikiumwa siku ya nne nitampigia nani?

Nina sababu ya kuling'ang'ania swali hili. Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari mgeni kazini, nilikuwa zamu Ijumaa usiku. Dada mmoja akapiga simu. Mama yake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho kambini siku nne nyuma, timu ilishaondoka, na namba yangu alipewa na muuguzi. "Dokta, samahani kwa usumbufu, mama anasema jicho linamvuta na asubuhi aliona vizuri kuliko sasa." Nikamuuliza kama kuna usaha. Akasema hapana, machozi tu na wekundu. Nikamwambia ndiyo jicho linavyopona, ampe parasetamoli, waje Jumatatu kliniki.

Jumatatu walikuja. Nikamwamkia mama, akaniitikia marahaba mwanangu, kisha akasema kwa upole kabisa: "Kile kiwingu mlichokitoa kimerudi." Nilipommulika kwa tochi niliona usaha mweupe umetuama chini ya konea, mbele ya mboni. Tulimpeleka rufaa siku ileile. Jicho lenyewe lilibaki, lakini halikuona tena. Hakunilaumu. Alisema alikuwa ameshaambiwa kuwa maumivu ni ya kawaida, na aliyemwambia hivyo ni mimi.

Kwa nini siku mbili ni nyingi

Maambukizi ya ndani ya jicho, ambayo madaktari huyaita endofthalmitisi, hayafanani na kidonda kinachoota usaha mguuni. Mguu una damu nyingi inayoleta askari wa mwili, na dawa unayomeza hufika pale. Katikati ya jicho kuna ute mzito usio na mishipa ya damu. Bakteria wakishaingia humo wanakuta chakula na joto, na askari wanachelewa kufika. Vidonge na sindano za mkononi hufika kwa kiasi kidogo mno. Ndiyo maana tiba yake kubwa ni kudungwa antibayotiki moja kwa moja ndani ya jicho, kazi inayohitaji mtaalamu wa macho. Dawa zinazotumika, kwa kawaida vankomaisini na seftazidimu, zinajulikana hospitalini. Kinachokosekana mara nyingi ni mkono wa kuzidunga, na muda.

Nisikutishe kupita kiasi. Tatizo hili ni adimu. Katika hospitali zinazofanya kazi vizuri linampata chini ya mtu mmoja kati ya kila elfu moja wanaopasuliwa mtoto wa jicho. Likitokea, mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki mbili za mwanzo, hasa kati ya siku ya pili na ya saba, ingawa linaweza kuja hata baada ya wiki kadhaa. Hesabu sasa: timu ya kambi kwa kawaida humwona mgonjwa kesho yake, humfungua bandeji, humpa dawa ya matone, kisha hufungasha vifaa. Siku za hatari zaidi zinamkuta kijijini, na karatasi ya miadi inasema arudi baada ya wiki nne.

Jambo lingine linalowashangaza wengi: bakteria hao, mara nyingi, ni wa mgonjwa mwenyewe. Wanaishi kwenye ngozi ya kope zetu bila kutudhuru, mpaka mlango wa jicho ufunguliwe.

Kinachofanywa kabla hujainuka mezani

Ukishalala pale, utawekewa jichoni dawa ya rangi ya kahawia inayowasha kidogo. Ni povidoni ayodini, na usikunje uso ukamwomba muuguzi aipunguze. Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti kutoka hospitali ya macho jijini New York, ambako kundi moja la vyumba vya upasuaji lilitumia dawa hii na jingine likatumia dawa nyingine ya kuua vijidudu. Maambukizi upande wa ayodini yalikuwa kama robo ya yale ya upande wa pili. Dawa ni ya bei ndogo, na inatakiwa iachwe jichoni kwa dakika tatu hivi. Dakika hizo ndizo huwa za kwanza kukatwa foleni ikiwa ndefu.

Silaha ya pili ni antibayotiki kidogo inayodungwa ndani ya jicho upasuaji unapomalizika. Utafiti uliofanyika katika nchi tisa za Ulaya kwa wagonjwa zaidi ya 16,000, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionesha kuwa waliokosa sindano hiyo walikuwa na hatari ya maambukizi karibu mara tano ya walioipata. India, kwenye hospitali za Aravind zinazowapasua watu wengi mno kila siku, macho zaidi ya 600,000 yalifuatiliwa: kabla sindano haijawa utaratibu wa kila mgonjwa, maambukizi yalikuwa kwa watu saba hivi katika kila 10,000, na baadaye yakashuka hadi wawili.

Mfano wa Aravind naupenda kwa sababu nyingine. Kuna wanaosema kambi na upasuaji wa watu wengi kwa siku ndio ubaya wenyewe. Sikubaliani nao. Aravind wanapasua kwa wingi na kwa gharama nafuu, na matokeo yao hospitali nyingi tajiri zingeyatamani. Wingi unakuwa hatari pale vifaa visipotakaswa baina ya mgonjwa na mgonjwa, au maji ya kusafishia jicho yakiwa na vijidudu, au dakika tatu zikigeuka nusu dakika. Nchi hiyohiyo ya India, Novemba 2021, mjini Muzaffarpur, watu 65 walifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho siku moja, na zaidi ya kumi kati yao wakaishia kuondolewa jicho kwa sababu ya maambukizi. Wagonjwa walikuwa maskini wa aina ileile, na huduma ilikuwa ya msaada vilevile. Utaratibu ndio uliotofautiana.

Kwa hiyo uliza, na uulize bila woga. Huduma ya bure haikuondolei haki ya kuuliza. Nani atanifungua bandeji kesho? Timu ikiondoka, daktari au muuguzi gani wa macho hapa wilayani ana jina langu? Namba yake ni ipi, na usiku inapokelewa? Jicho likiharibika nitapelekwa hospitali gani, na nauli italipwa na nani? Mratibu mzuri wa kambi atakujibu papo hapo, kwa sababu mambo hayo alishayapanga. Akikukasirikia, hilo nalo ni jibu. Mimi ningesubiri kambi nyingine au kliniki ya kawaida, maana mtoto wa jicho wa uzee kwa kawaida si wa kufa na kupona wiki hii.

Nawe una yako ya kusema kabla ya upasuaji. Sema kama una kisukari na sukari yako imekuwa ikipanda, kwa kuwa kisukari huongeza hatari. Sema kama kope zako huwa na magamba na tongotongo kila asubuhi, au jicho hutoa machozi yenye usaha ukibonyeza pembeni ya pua. Hayo hutibiwa kwanza. Na sema kama nyumbani kuna mtu mwenye macho mekundu. Mnakumbuka mlipuko wa mapema mwaka 2024, uliozikumba Dar es Salaam na pwani ya Kenya, tulivyokuwa tunaazimana taulo na ugonjwa kwa pamoja. Ni kweli inauma kuambiwa "rudi mwezi ujao" baada ya kusubiri foleni, lakini jicho lenye maambukizi ya juu halifunguliwi kwa upasuaji wa namna hii.

Nyumbani: mikono, maji na wageni

Umerudi nyumbani. Kazi kubwa zaidi ni ya mikono, yako au ya yule anayekuwekea dawa. Inaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kila kabla ya kugusa jicho. Kama hakuna bomba, kibuyu chirizi kinatosha kabisa. Beseni moja ambalo watu watatu wameshanawa humo halifai.

Mgonjwa aangalie juu, kope ya chini ivutwe taratibu, tone moja lidondoke humo. Mdomo wa chupa usiguse kope wala kidole, kwani ukigusa, chupa nzima inakuwa na vijidudu na utaendelea kuvidondosha jichoni kwa mwezi mzima. Kama dawa ni mbili, pumzika dakika tano katikati, la sivyo ya pili inaiosha ya kwanza. Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua. Ikitimia wiki nne, kwa chupa nyingi za matone, itupe hata kama imebaki nusu. Na usimwazime mtu.

Usiku jicho lifunikwe kwa kile kifuniko kigumu cha plastiki ulichopewa, maana usingizini mkono haujui umekatazwa nini. Kifuniko nacho kioshwe.

Maji ya kisima, mto, bahari na bwawa yasiingie jichoni kwa wiki nne, au kadiri daktari wako atakavyosema. Oga kuanzia shingoni kwenda chini. Uso ufutwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, ukikwepa jicho. Wasomaji Waislamu huniuliza kuhusu udhu. Mweleze sheikh wako hali yako, kwani dini imeweka nafuu kwa mgonjwa, na tayamamu mnaijua kuliko mimi. Wanja usubiri. Kwenye bodaboda vaa miwani. Moshi wa kuni peke yake hauleti maambukizi, ila unakufanya ufikiche jicho, na kufikicha ndiko kunakofungua kidonda kidogo kisicho na hata uzi mmoja wa kukishikilia. Mgonjwa apumzishwe jikoni wiki mbili. Najua hili ni gumu kwa akina mama zetu, ambao hata wakiwa na bandeji huuliza nani amekoroga ugali hivi.

Halafu kuna wageni. Kila jirani anataka kuliona jicho jipya, na wengine hunyoosha kidole kabisa kuinua kope. Mpangie mtoto mmoja mkorofi wa nyumbani kazi ya kuwazuia. Hafai kwa mengi, kwa hili atafaa.

Sitazunguka kuhusu dawa za kienyeji. Maziwa ya mama, asali, mkojo, maji ya majani, chai ya rangi, maji ya chumvi: kwenye jicho lililopasuliwa hakuna hata kimoja kinachoruhusiwa, kwa kuwa hakuna hata kimoja kisicho na vijidudu.

Ila dawa ya dukani nayo si salama kwa sababu tu ina lebo. Baadhi ya dawa za matone zinazouzwa kwa ajili ya wekundu zina steroidi. Daktari anaweza kukuandikia steroidi baada ya upasuaji, kwa kipimo na kwa siku zinazojulikana, ili kutuliza uvimbe. Ukiinunua mwenyewe wekundu ukiongezeka, itafuta wekundu na kuyaacha maambukizi yakiendelea chini kwa chini, na ukiitumia kwa muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho. Hata nchi zenye ukaguzi mkali hupatikana na makosa. Mwaka 2023 Marekani ilipata mlipuko wa bakteria sugu uliohusishwa na machozi bandia yaliyouzwa madukani na mitandaoni. Wagonjwa 81 katika majimbo 18 waliambukizwa, 14 wakapoteza uwezo wa kuona, wanne wakaondolewa jicho na wanne wakafariki. Wengi wao walikuwa wanatafuta nafuu ya macho makavu tu. Kwa hiyo tumia ile uliyopewa na aliyekupasua. Ikiisha au ikimwagika, rudi kwake au kwa muuguzi wa macho kabla hujaenda dukani.

Mzazi, mtoto hatakwambia

Jina letu la ugonjwa huu linachanganya, lakini ndiyo, mtoto naye hupata mtoto wa jicho, wengine huzaliwa nao. Ukiona weupe katikati ya mboni ya mwanao, usingoje kambi wala akue. Kwake ubongo bado unajifunza kuona, na kila mwezi unaopita una gharama.

Upasuaji wa mtoto hufanywa kwa nusu kaputi, na kidonda chake kwa kawaida hushonwa, kwa sababu jicho la mtoto ni laini na mwenyewe atalifikicha. Shida yako kubwa itakuwa baada ya hapo. Mtu mzima anaweza kusema, "jana niliona kalenda, leo sioni." Mtoto wa miaka miwili atalia tu, na analia kwa mambo mengi. Basi angalia matendo. Amekataa kufungua jicho ambalo jana alilifungua? Anaficha uso kwenye nguo yako akitoka nje kwenye mwanga? Kope imevimba? Ameacha kucheza, ana homa au anatapika? Weupe au ukungu umetokea pale palipokuwa peusi? Moja tu kati ya hayo linatosha kukutoa nyumbani. Kama una simu yenye kamera, piga picha ya jicho kila asubuhi mahali pale pale penye mwanga. Picha ya jana na ya leo zikikaa pamoja zinamsaidia daktari kuliko maelezo ya dakika kumi, na ningekuwa na moja Ijumaa ile huenda nisingesema nilichosema.

Mchanga, maji ya dimbwi na mpira, hayo hadi daktari aruhusu. Kumwekea dawa mtoto anayerusha miguu ni kazi ya watu wawili. Mlaze chali, mmoja ashike kichwa, na kama amefumba kabisa dondosha tone kwenye kona ya jicho upande wa pua. Akifungua litaingia.

Dalili zisizongoja miadi

Kawaida ya jicho lililopasuliwa ni kupata nafuu kila siku. Muwasho kidogo, hisia ya mchanga na wekundu mdogo vinaweza kuwepo siku za kwanza, ila vinapungua. Kinachotisha ni kurudi nyuma: maumivu yaliyopungua yanapanda tena, wekundu unazidi, mwanga unaumiza, kope inavimba, na kubwa kuliko yote, uoni uliokuwa umekuja unaondoka.

Usisubiri maumivu yaje ndipo uamini. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995, uliohusisha wagonjwa 420 waliopata maambukizi haya, ulikuta takriban robo yao hawakuwa na maumivu kabisa. Karibu wote, zaidi ya tisa kati ya kila kumi, walilalamika kuwa uoni umefifia. Na jambo lililotabiri zaidi mwisho wa jicho lilikuwa kiasi ambacho mgonjwa alikuwa bado anaona siku alipofika hospitali.

Kwa hiyo jipime mwenyewe kila asubuhi kwa wiki mbili za kwanza, na uendelee kuwa macho mpaka wiki ya sita. Kaa pale pale kitandani, funika jicho lisilopasuliwa kwa kiganja, tazama kitu kile kile ukutani: kalenda, saa, picha ya harusi. Kama jana ulisoma tarehe na leo unaona mraba mweupe tu, siku yako ya kazi imeshabadilika.

Piga ile namba uliyoiomba kambini. Isipopokelewa, usikae. Nenda moja kwa moja hospitali yenye kitengo cha macho, na chukua chupa zote za dawa pamoja na karatasi ya upasuaji. Ukikutana na daktari mchanga aliyechoka kama nilivyokuwa mimi, usianze na "jicho linaniwasha," kwa sababu atakuandikia matone na kukurudisha nyumbani. Mwambie hivi: "Nimefanyiwa upasuaji wa jicho siku nne zilizopita, nilikuwa naona, na sasa uoni unapungua." Mwombe ampigie mtaalamu wa macho hapo hapo, ukiwa umekaa mbele yake. Akikwambia uje Jumatatu, omba akuandikie jibu hilo kwenye karatasi, pamoja na jina lake na saa.